Masika ya Kuuliza Kwa Nini

Machi 9, Jumatatu

Alhamisi tumemzika shemeji yangu, leo nimerudi kazini. Mvua imeanza alfajiri na barabara ya redioni tayari ni tope tupu. Mezani pangu nilikuta maua ya plastiki na shajara hii, zawadi ya mdhamini wa kipindi chetu. Mdhamini ni kampuni ya ulinzi. Jalada lina nembo yao, mbwa amesimama, na chini ya kila ukurasa wameandika maneno yao ya tangazo: Lala, sisi tuko macho. Yule kijana aliyeua watu tisa kwenye duka kubwa, shemeji akiwemo, alikuwa mlinzi wao. Walikuwa wamempanga kulinda mlango wa duka hilohilo, na bunduki ilikuwa yao. Shajara nimeichukua hivyohivyo. Nina mengi ya kutapika na sina pengine pa kutapikia.

Kazi yangu ni kupokea simu za kipindi cha asubuhi. Mtu anapiga, namuuliza anataka kusema nini, naandika maneno matatu kwenye kadi na kuibandika kwenye kioo ili mtangazaji aione. "Mama, hasira, malezi." "Kijana, utani, muziki." Mtangazaji anachagua kadi, fundi mitambo anamwingiza mtu hewani. Mtangazaji wetu mji mzima unamwita Asali, kwa ajili ya sauti yake. Nimefanya naye kazi miaka, na sitadanganya, nilikuwa najivunia kusema nafanya kazi na Asali.

Mada ya leo ilikuwa: Kwa nini? Wa kwanza alisema ni michezo ya kompyuta. Wa pili alisema ni muziki wa siku hizi. Wa tatu alisema ni wanawake wanaolea peke yao, na aliyemfuata akaunga mkono kwa furaha kana kwamba timu yake imefunga bao. Mmoja alisema ni mapepo. Mmoja alitaka kumsalimia mkewe.

Saa mbili na nusu Asali aliomba dakika moja ya ukimya kwa ajili ya marehemu. Meneja alikuja kwenye kioo, akaonyesha vidole kama mkasi. Dakika haikufika hata nusu. Likaingia tangazo: Lala, sisi tuko macho.

Machi 10, Jumanne

Mvua. Mada: Kwa nini?

Machi 12, Alhamisi

Nimehamia kwa Dada, kwa muda. Hawezi kulala peke yake na binti yao. Jirani wa upande wa pili wa ukuta anafungulia redio tangu alfajiri, kwa hiyo Dada ananisikiliza kazini hata asipotaka. Yaani hanisikii mimi, anasikia matunda ya kazi yangu.

Leo niliporudi alikuwa ameketi jikoni, chai imepoa mbele yake.

"Mdogo wangu," akasema, "leo wamemtaja yule kijana tangu saa moja mpaka saa nne. Jina lake, shule yake, hata aina ya viatu alivyovaa. Mume wangu wamemtaja mara moja. Wamesema 'na fundi mmoja.'"

Shemeji alikuwa fundi wa majokofu. Siku ile alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la maziwa, anatafuta gesi inapovuja.

"Hata kulia siwezi," akasema. "Kila nikianza, anaingia yule. Nikifumba macho nione sura ya mume wangu, naona picha yake yeye, ile ya gazetini."

Nilimwambia itapita, watu watachoka. Alinitazama kama mtu anayetazama mwizi akiapa.

Machi 16, Jumatatu

Amepiga mzee mmoja, sauti kavu, amesema alikuwa mlinzi wa kampuni hiyohiyo mpaka mwaka jana. Alisema: "Binti, niwekeni hewani niwaambie. Mtu anafundishwa bunduki asubuhi moja, jioni anapewa. Akimaliza zamu, mwenzake asipotokea, anaunganisha nyingine. Nimewaona watu wakisinzia wamesimama, kidole kwenye bunduki."

Niliandika kadi: "Mzee, mlinzi, bunduki." Asali aliiona, akamtazama Meneja. Meneja aliingia kwenye kibanda changu na kubandua kadi mwenyewe, taratibu, kama anayetoa uchafu kwenye shati la mkubwa.

"Hiyo ni mada ya kisheria," akasema. "Wasikilizaji wetu wanataka mambo ya malezi."

Nikamwambia mzee laini zimejaa. Laini hazikuwa zimejaa.

Machi 19, Alhamisi

Mzee amepiga tena. Laini zimejaa, mzee wangu.

Machi 20, Ijumaa

Tena.

Machi 24, Jumanne

Leo kuna mada mpya, mtu asije akasema hatubuni. Yule kijana, ambaye polisi walimmaliza palepale mlangoni, bado yuko chumba cha maiti. Mama yake alikwenda ofisi ya mji kuomba nafasi makaburini, habari zikavuja. Asali akauliza kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto: "Wapenzi wasikilizaji, je, huyu alale pamoja na wapendwa wetu?"

Simu ziliwaka zote. Atupwe mtoni. Achomwe. Arudishwe kwa mama yake, amzike chini ya kitanda chake. Mwanamke mmoja, sauti ya heshima kabisa, ya mtu mwenye mapazia mazuri, alisema akizikwa pale atakwenda yeye mwenyewe na jembe kumfukua. Asali alimshukuru kwa mchango wake.

Na mimi? Niliandika kadi: "Mama, jembe, hasira." Nilijua ataichagua. Mkono wangu umezoea kujua.

Nami sikumtaka azikwe. Niseme wazi. Nilipofikiria yeye na shemeji chini ya mvua moja, nyasi zilezile, nilichefuka kuliko nilivyochefuka kwa yule wa jembe.

Machi 25, Jumatano

Ofisi ya mji imetangaza kwamba "kutokana na hisia za wananchi" ruhusa ya mazishi imesimamishwa. Asali alisoma tangazo hewani, kisha akasema, "Mmesikika." Meneja ameleta keki.

Machi 31, Jumanne

Mvua imeingia kwenye kibanda changu. Nimeweka ndoo.

Aprili 2, Alhamisi

Leo tumekuwa na mtaalamu. Suti, miwani, vitabu viwili kavibeba mkononi ili vionekane, kwenye redio! Alieleza sababu za kijamii. Upweke wa vijana wa kiume, alisema, ukosefu wa matumaini, jamii kutosikilizana. Huenda kila neno lilikuwa kweli. Lakini alikuwa akitazama saa yake, na wakati wa matangazo alimuuliza Asali kama wiki ijayo anaweza kurudi kuzungumzia nguvu za kiume.

Fundi mitambo, mtu wa maneno machache, aliniambia kwenye ngazi: "Wote wanajua kwa nini. Hakuna anayejua ilikuwaje." Akaenda zake kuvuta sigara.

Aprili 4, Jumamosi

Sina kazi Jumamosi. Nilikuwa naanua nguo kabla mvua haijarudi, nikamsikia binti ya Dada chumbani. Ana miaka saba. Alikuwa amewapanga wanasesere wake ukutani, ameshika kitana mdomoni.

"Mpigaji, karibu hewani. Unadhani kwa nini aliua?"

Akabadilisha sauti: "Ni kwa sababu ya mama yake."

"Asante sana kwa mchango wako. Na wewe je?"

"Atupwe mtoni."

Aliwahoji wote. Mwanasesere wa mwisho, yule aliyetengenezewa na baba yake kwa nyaya za umeme, akaambiwa: "Samahani, laini zimejaa."

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliingia, akamchukua mtoto, akamkalisha mapajani, na kitana akakitupa nje dirishani kwenye matope. Mimi nilibaki na nguo mikononi mpaka mvua ikanikuta palepale.

Aprili 7, Jumanne

Mada: Kwa nini? Kichwa kinaniuma.

Aprili 13, Jumatatu

Amepiga mama yake.

Sikumjua. Alisema, "Habari ya kazi, mwanangu. Naomba niongee." Nikamuuliza anataka kuongelea nini. "Mazishi." Nikamuuliza mazishi ya nani. Akamtaja kwa lile jina la utotoni ambalo magazeti hayakuwa nalo, na nikaelewa.

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Wiki hizi zote nimejiambia nikikutana naye nitamwambia hivi na hivi, kuhusu Dada, kuhusu mwanasesere wa nyaya. Badala yake nilisikia nyuma yake mtu akigonga bati na kupiga kelele, na yeye akasema, samahani mwanangu, wanarusha mawe tu, hawaingii. Aliniomba radhi kwa kelele!

"Mama, una hakika unataka kuongea hewani?"

"Nimekwenda kila ofisi. Wote wananiambia redio imesema. Basi nimekuja kwa redio."

Kadi yangu ilikuwa: "Mama yake, mazishi, kweli." Asali aliposoma alisimama. Sijawahi kumwona akisimama.

Niandike jinsi mitambo yetu ilivyo, maana yaliyofuata yametokana na hilo. Anayesubiri kwenye laini husikia kipindi kinavyokwenda hewani, na matangazo yakipigwa husikia matangazo. Lakini kuna swichi. Mgeni akiwa mkubwa, Fundi huigeuza ili Asali amsalimie pembeni kabla ya kuanza, na tangu hapo mgeni husikia studio, si kipindi. Ikishageuzwa lazima mtu akumbuke kuirudisha. Leo Asali alimsalimia mama pembeni, kwa upole mwingi, pole mama, pole sana. Hakuna aliyekumbuka kuirudisha.

Akaingia hewani.

"Sikuja kumtetea," mama akasema. "Aliyoyafanya ameyafanya. Naomba mahali pa kumzika tu. Hata pembeni, hata pasipo na alama."

"Tunakusikia, mama. Lakini wasikilizaji wanajiuliza. Ulimlea vipi?"

"Kama watoto wengine."

"Alipokuwa mdogo, aliwahi kutesa wanyama?"

Mama alifikiri. Alifikiri kwa kweli, nilimsikia anatafuta jibu la haki. "Alikuwa anaogopa kuku," akasema.

Asali akauma midomo ili asicheke. "Na mabadiliko je? Hukuona mabadiliko?"

"Alikuwa hapati usingizi, baba. Wiki ile alikuwa anaunganisha zamu, usiku na mchana. Alimwambia msimamizi wake, nichukulieni hii bunduki, nasikia vitu. Wakamwambia..."

Meneja alikuwa tayari kwenye kioo na mkasi wake wa vidole. Tangazo likaingia. Ndiyo, hilohilo.

"Mama huyu ni dhahabu!" Asali akasema, akijinyoosha. "Mmesikia? Anaogopa kuku! Muuaji wa watu tisa, kuku!" Akaigiza kijana anayemkimbia kuku, miguu juu ya kiti. Meneja alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Asizike mapema huyu. Tuna wiki mbili hapa, tatu." Asali akasema, "Nikirudi namliza kabla ya saa tatu."

Nami nilicheka. Si kwa maneno yao, ila ile miguu juu ya kiti. Kilinitoka. Kilikuwa kicheko kizima, cha sauti.

Fundi ndiye aliyetazama swichi. Uso ulimpauka.

Tukarudi hewani. Asali, sauti ya asali: "Mama, bado tuko nawe."

"Nipo," mama akasema. "Nimewasikia wote. Wewe baba, na huyo wa wiki tatu. Na binti aliyepokea simu yangu vizuri, nimemsikia anavyocheka."

Akakata simu mwenyewe. Hewani kukawa na kimya, kirefu kuliko kile walichopewa marehemu. Kisha Asali akasema, "Mambo ya mitandao, wapenzi wasikilizaji," na akaweka muziki.

Nilitapika chooni. Siandiki hivyo kwa kupamba maneno.

Aprili 14, Jumanne

Sikwenda kazini. Nimewaambia naumwa, na si uongo.

Aprili 15, Jumatano

Nilimweleza Dada yote, hata kicheko. Nilitaka anitukane. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa.

"Wanasema wiki tatu?" akauliza.

"Walisema."

"Na wakimaliza hizo watatafuta nyingine. Mpaka maiti ile izikwe hawana sababu ya kunyamaza." Akasukuma sinia. "Kesho nisindikize ofisi ya mji."

Aprili 16, Alhamisi

Ofisi ya mji, ghorofa ya pili, benchi lenye mguu mbovu. Ofisa wa makaburi ni mtu mnene mwenye huruma ya kazini. Alipojua Dada ni mjane wa fundi wa majokofu alisimama, akatuletea viti vyenye mito.

"Nimekuja kusema azikwe," Dada akasema.

Ofisa alidhani hakusikia vizuri. "Yule?"

"Yule. Mlisema ni hisia za wananchi. Mimi ni mwananchi, na mume wangu ni mmoja wa wale tisa. Hisia zangu ni hizo."

Macho ya ofisa yalijaa machozi, nadhani yalikuwa ya kweli. "Mama, umemsamehe. Hili ni jambo kubwa sana. Mji unahitaji..."

"Nani kasema nimesamehe?"

"Lakini umesema..."

"Nimesema azikwe. Angekuwa hai ningemuuma kwa meno yangu. Lakini amekufa, na kila asubuhi mnamleta sebuleni kwangu. Mchukueni. Mfukieni. Nataka nyumba yangu."

Ofisa alikubali, akisema familia nyingine za wale tisa hazijaleta pingamizi la maandishi, ila kelele zote ni za redioni. Alitusindikiza mpaka chini. Nilimwona anatoa simu kabla hatujavuka barabara.

Aprili 17, Ijumaa

Nimerudi kazini. Nimekuta mada imeshaandikwa ubaoni kwa kalamu nyekundu: MJANE ASAMEHE.

Asali alifungua kipindi kwa sauti iliyopasuka mahali panapofaa. Alisema mjane mmoja, mwenye moyo mkubwa kuliko mji huu, amemsamehe muuaji na kuomba azikwe kwa heshima. Wapigaji walilia. Yule mwanamke wa jembe alipiga kusema naye amesamehe. Hakuna aliyeuliza mjane wa nani.

Matangazo yalipoanza nilifungua mlango wa studio, kitu ambacho mpokea simu hafanyi.

"Huyo ni dada yangu," nikamwambia Asali. "Hajasamehe. Sahihisha."

"Dada yako?" Alishangaa kwa dhati. Nilikuwa nimechukua likizo ya msiba mwezi uliopita, amenipa mkono wa pole mwenyewe, na hakuwa amejua nimefiwa na nani. "Mpenzi, hii ni habari njema. Kwa nini tuiharibu?"

"Kwa sababu si kweli."

"Ni kweli kwa watu," akasema, na akavaa hedifoni zake.

Nikarudi kibandani. Simu ya kwanza niliyoinua ilikuwa ya yule mzee mlinzi. Bado anapiga, maskini, kila siku ya kazi. Nikaandika kadi kwa mwandiko mzuri: "Baba, msamaha, machozi." Asali aliichagua mara moja.

Mzee hakupoteza muda. Asubuhi moja ya mafunzo. Zamu juu ya zamu. Kijana aliyerudisha bunduki kwa msimamizi na kurudishiwa mikononi, akaambiwa nenda, mlango hauna mlinzi. Mzee alikuwa zamu ile, alimwona. Alitaja kampuni. Alisema yote kwa pumzi moja, kama mtu aliyekuwa akiyarudia kitandani kwa wiki nyingi. Meneja aligonga kioo kwa ngumi, Asali akapapasa kitufe chake, na Fundi mitambo, ambaye ndiye mwenye mkono kwenye swichi halisi, alikuwa amegeuka ukutani anatafuta kitu kwenye droo. Alitafuta taratibu sana.

Unga wangu umemwagika kabla ya saa nne. Meneja alisema nimesaliti familia. Nikamuuliza ipi.

Aprili 20, Jumatatu

Kwa jirani, redio. Wana mpokea simu mpya. Mzee wa Ijumaa wamemwita mlevi. Mada: Je, walevi wapewe nafasi hewani?

Aprili 27, Jumatatu

Tangazo la kampuni ya ulinzi limebadilika. Sasa linaanza na mtoto anayecheka.

Mei 5, Jumanne

Wamepanga kumzika Ijumaa. Ofisa alimwambia Dada tu, kwa siri. Kwa hiyo kila mtu anajua.

Mei 8, Ijumaa

Dada alisema tutakwenda lakini hatashuka kwenye teksi. "Nataka kuona kwa macho yangu kwamba wamemaliza," akasema. Mtoto tulimwacha kwa bibi yake.

Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyokoma. Kaburi lilikuwa mwisho kabisa, karibu na ukuta ambako watumishi wa mji humwaga majani makavu. Gari la redio lilikuwa limeshafika. Waandishi walikuwa wengi, labda ishirini, wamejipanga na miavuli. Askari wawili. Yule mwanamke wa mapazia na jembe lake hakuonekana, mvua imemshinda.

Waliokuja kuzika walikuwa mama yake na mtu mmoja wa chumba cha maiti.

Sikupanga kushuka. Lakini jeneza lilikuwa limewekwa kando ya shimo, kamba mbili chini yake, na hapakuwa na watu wa kushika. Kamba mbili zina ncha nne. Mtu wa chumba cha maiti alishika moja, akawa anatazama huku na huku. Kamera zilikuwa zinafanya kazi. Kila mtu alikuwa na kitu mkononi, mwavuli, kipaza sauti, kalamu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na mkono.

Nilimtazama Dada. Alitazama mbele. "Nenda," akasema, "vinginevyo watamwacha hapohapo."

Mama ni mwanamke mfupi, kavaa sweta la kiume. Nilipomsalimia aliinua uso. Sauti yangu tu ilimtosha.

"Wewe ndiye uliyecheka."

"Ndiyo, mama."

Alinipima. Nilingoja kofi, na ningelipokea.

"Basi shika hapa," akasema, akaniwekea kamba mkononi.

Yeye mwenyewe alishika ya tatu. Asali alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo, karibu kabisa na ile ya nne, kipaza sauti mdomoni, anasimulia kwa sauti ya chini: wapenzi wasikilizaji, mvua inanyesha kana kwamba mbingu zinalia. Kamba ilikuwa mguuni pake. Mama akamwambia, "Baba, tusaidie." Asali akamtabasamia kwa huzuni, akanyoosha kidole kwenye kipaza sauti kumwonyesha kwamba yuko hewani, akarudi nyuma hatua ili tusimwingilie.

Fundi mitambo ndiye aliyetua mashine yake kwenye matope na kuja. Sauti ya Asali ikakatika palepale, kwa kuwa waya umechomoka. Aliendelea kuongea muda mrefu kabla hajagundua.

Tulimteremsha. Kijana yule alikuwa mzito, na kamba ilinichuna viganja. Sikumwombea kitu. Nilikuwa namchukia mpaka alipogusa chini, na nilipoachia kamba nilikuwa bado namchukia, lakini alikuwa chini. Mama aliingiza udongo kwa mikono. Mtu wa chumba cha maiti na Fundi walichukua makoleo. Wakati mmoja mama alisema, si kwa mtu yeyote, "Sasa lala," na akaendelea kusukuma udongo. Waandishi waliondoka shimo likiwa nusu, maana picha walikuwa nazo.

Nilirudi kwenye teksi nikiwa tope mpaka magotini. Dereva alinung'unika kuhusu viti vyake, Dada akaahidi kuvifua mwenyewe.

"Wamemaliza?" akaniuliza.

"Wamemaliza."

"Wamefukia mpaka juu?"

"Mpaka juu."

Alipumua. Gari likaondoka, tukapita ile sehemu ya mbele alikolala shemeji, hatukusimama, tukatoka langoni. Nje ya makaburi Dada akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Haya," akasema. "Sasa niulize habari za mume wangu."

Sikuelewa. "Nikuulize nini, Dada?"

"Chochote. Hakuna aliyeniuliza. Niulize kama mtu ambaye hakumjua."

Nilimjua miaka kumi. Nimekula naye, nimegombana naye, amenitengenezea pasi mara zisizohesabika. Nikamuuliza, "Shemeji alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mtu wa kutia aibu," Dada akasema. "Siku alipokuja nyumbani kujitambulisha kwa baba, amevaa suti ya kuazima, wazee wamekaa, baba anamuuliza ukoo wake. Yeye akanyamaza. Akainua mkono hivi, subirini. Akanyanyuka, akaenda jikoni kwa mama, akapiga magoti na suti yake, akaliwekea jokofu letu sikio. Akarudi akamwambia baba, mzee, hili lina siku mbili tu, ukoo wangu nitakueleza nikishalitengeneza."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka dereva akacheka naye bila kujua kisa. Kisha mdomo wake ukapinda, na akalia, kwa sauti, kifua chote, akamwita mumewe kwa jina lake. Nilimwambia dereva azungushe mji, asifike nyumbani haraka, na redio yake aizime.